Kinyozi Aliyewapaka Kuku Rangi ya Nywele

Mimi na kuku hatuelewani. Naliweka wazi mapema, mtu asije akadhani nasimulia haya kwa mapenzi. Kuku anakutazama kwa jicho moja, anakupima juu mpaka chini, halafu anajisaidia juu ya kitambaa ulichokwisha kata. Aliyewaleta nyumbani ni mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu, kinyozi, ambaye mtaa mzima unamwita Fundi ingawa fundi halisi katika nyumba hii ni mimi wa cherehani. Chumba cha mbele tumekigawa kwa pazia. Upande wa barabarani ana kiti chake cha kuzunguka, kioo chake na mashine zake. Upande wa ndani nipo mimi na marundo ya sare za shule. Nyuma kuna ua mdogo wa saruji na sinki la kufulia nguo, na kando ya sinki ndipo alipojenga banda la kuku kwa mbao za kabati letu la zamani. Mlango wa banda una kitasa cha kabati mpaka leo.

Huyu Fundi hawezi kuona kichwa akakiacha hivihivi. Tuko msibani, watu wanalia, yeye ananigusa kwa kiwiko: "Dada, yule mzungumzaji kanyolewa na nani? Huo ni ukatili." Mwenye upara akiingia dukani haambiwi ana upara. Anaambiwa nywele zimekwenda likizo. Fundi atakinyoa kichwa kisicho na unywele hata mmoja, kwa umakini wote, atakipuliza, atakipaka poda, na yule mtu atatoka kifua mbele. Wazee wenye mvi anawapaka rangi nyeusi wanarudi kwa wake zao wakiringa. Kazi yake kubwa, ukiitazama vizuri, ni kuficha, na ameifanya miaka mingi hadi anaamini hakuna kitu duniani kisichofichika.

Balaa lilianza na mama. Baba alipofariki mama alibaki peke yake kwenye nyumba kubwa iliyo mbali na barabara. Asubuhi moja akateleza kisimani, akalala pale ameumia kiuno mpaka mwuza maziwa alipopita. Fundi alipopata habari alifunga duka siku ya Jumamosi, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya harusi yangu, akaenda kumchukua. Mama akaja na mfuko mmoja wa nguo na kikapu. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku wa madoadoa, mwembamba, kichwa nje, anatazama mji.

"Huyu anaitwa Mwenzangu," mama akasema. "Tangu baba yenu aondoke, ndiye ninayezungumza naye."

Fundi, kwa furaha, akatangaza mbele ya wateja wote waliokuwa wakimngoja kwenye benchi: "Mama, hapa ndipo kwako sasa. Huondoki tena!"

Lo! Ukitaka kumkosa mama yetu, mwamrishe mbele za watu. Akasimama na kikapu chake katikati ya duka.

"Nani kasema siondoki? Mimi nimekuja kutazama. Huyu kuku akipata raha hapa, nitakaa. Akikosa, mtatupandisha basi, mimi na yeye."

Wateja walicheka. Sisi hatukucheka. Mama akishatamka neno, hulirudishi hata kwa trekta. Aliwahi kuapa kwamba hataingia kwenye nyumba ya shangazi yetu, na hakuingia ng'o. Ikabidi shangazi ahamie nyumba nyingine ndipo wakaanza kutembeleana. Kwa hiyo tulielewa vizuri kabisa kilichotokea pale: usalama wa mama yetu, kiuno chake, uzee wake wote, vimewekwa juu ya mgongo wa kuku.

Na Fundi, badala ya kutuliza akili, akamtoa Mwenzangu kikapuni akamsukumia bandani kama mtu anayemsukuma mtoto darasani siku ya kwanza. Nenda, utazoea.

Bandani mlikuwa na kuku wetu wa mayai, wa kahawia, wanene, wenye nafasi zao. Mkubwa wao tulimwita Meneja kwa sababu hafanyi chochote, anasimamia. Chombo cha chakula kilikuwa kimoja, naye alikuwa anapanda juu yake na kuamua nani ale. Meneja akamzunguka mgeni, akamtazama miguu, akamtazama mkia, akamdonoa kichwani. Wenzake walikuwa wanangoja ishara tu. Haikupita wiki Mwenzangu akawa na mgongo mtupu, mwekundu, unatia huruma. Na msidhani waliyatupa yale manyoya. Waliyala! Nimeona kwa macho yangu kuku anameza unyoya wa mwenzake huku anatazama pembeni.

Sasa, dirisha la nyuma la duka linatazama uani. Wateja wakaanza. "Fundi, hata kuku unawanyoa?" "Huyo umemkata mtindo gani, nami nataka!" Mmoja aligeuka mlangoni akasema atarudi siku nyingine, kwanza aone kuku atapona. Fundi akawa anacheka kwa meno tu. Mama hakucheka hata kwa meno. Aliingia chumbani akazitoa nguo zake kwenye msumari, akazikunja, akazirudisha mfukoni.

Fundi akaja upande wangu wa pazia, machozi yanamlengalenga, mashine ya kunyolea bado inanguruma mkononi. "Dada, tufanye kitu."

Alinitia huruma, na mimi huruma ikiniingia hutoka kama hasira. "Wewe mtoto! Kuku wameshakushinda, utamweza mama?" Nikamfukuza. Kisha nikachukua vipande vilivyobaki vya sare nikaanza kumshonea kuku koti.

Nisiidharau kazi yangu, lilikuwa koti zuri. Linafunika mgongo, lina mikanda ya kupita chini ya mabawa. Nililitia kola kwa mazoea, kwa sababu mkono wangu haujui kushona kitu cha bluu kisicho na kola. Nikalipamba kwa vifungo vya rangi ya dhahabu vilivyobaki kwenye sare za bendi ya shule. Mwenzangu alipotoka amevaa, amesimama wima, shingo ndani ya kola, alikuwa mwalimu mkuu mtupu. Kuku wote wakanyamaza. Nikamwambia Fundi, unaona? Heshima ni mavazi.

Meneja akakiona kifungo.

Jamani, kuku na kitu kinachong'aa! Alikidonoa kimoja kikatoka, na hapo wote wakaja kama wameitiwa zawadi. Mwenzangu akakimbia, koti likampanda kichwani, haoni mbele, akapita chini ya meza yangu, akapita chini ya pazia, akaingia dukani na kuku wote nyuma yake. Kwenye kiti alikuwa fundi bomba mmoja, mtu wa miraba minne, ambaye kumbe anaogopa kuku tangu utotoni. Akaruka na shuka shingoni, akatoka mpaka ng'ambo ya barabara, nusu ya kichwa msitu, nusu uwanja wa mpira. Alikataa kurudi. Fundi alimmalizia palepale nje, amekaa juu ya ndoo.

Ndipo tukamwita bwana mifugo. Ni mtu mrefu wa viatu vya mpira, asiye na haraka. Alichuchumaa mbele ya banda kimya mpaka nikadhani amesinzia.

"Hawa hawana kazi," akasema mwishoni. "Na hawana nafasi. Kuku aliyebanwa, asiye na la kufanya mchana kutwa, atamfanyia kazi mwenzake mgongoni. Halafu huyu mgeni mlimwingiza vipi?"

"Nilimwingiza kwa mlango," Fundi akajibu.

Bwana mifugo akavuta pumzi ndefu. Akatuambia tupanue banda, tuongeze chombo cha pili cha chakula na cha maji, tuviweke mbali na vya kwanza ili Meneja asiweze kusimamia vyote. Tuwatundikie mboga za majani juu kidogo, wajirushe wazidonoe. Mwenzangu tumtenge kwa wavu ndani ya banda hilohilo, waonane bila kufikiana, mpaka wazoeane. Kidonda kipakwe dawa ya zambarau, kwa kuwa kuku akiona wekundu wa damu hawezi kujizuia. Na Meneja aondolewe kabisa kwa siku kadhaa, wenzake wamsahau, ili akirudi awe mgeni yeye.

"Ukubwa wake utamtoka?" mama akauliza.

"Ukubwa ni nafasi, mama. Ukiondoka, inachukuliwa."

Mama alilifikiria sana jambo hilo, nilimwona.

Tukafanya yote. Fundi aliutoa mlango wa pili wa kabati, banda likafika mpaka kwenye sinki. Kabichi zikatundikwa kwa kamba, kuku wakawa wanaruka kama wanacheza netiboli. Mwenzangu akakaa nyuma ya wavu na chakula chake, mgongo wa zambarau. Naye Meneja akahamishiwa dukani, ndani ya kreti la soda lililogeuzwa, chini ya rafu ya mafuta ya nywele.

Mama naye alihamia dukani. Si kwamba alikaribishwa. Alisema tu jikoni kuna moshi, akaja akakaa mwisho wa benchi la wateja. Siku ya kwanza alinyamaza. Siku ya pili akasema, "Baba, huyo sikio la kushoto bado." Fundi akatazama, kweli bado. Basi ikawa ndiyo ajira. Mama akachukua kile kioo kidogo cha mkononi, akawa ndiye anayekishika nyuma ya vichwa vya watu, na mtu hawezi kuinuka mpaka mama aseme amependeza. Watu wazima wakawa wanakaa wima. Yule fundi bomba alikuwa anakuja hata nywele hazijaota, anasema amepita kumsalimia mama tu. Mama akawa anavaa kitambaa chake kizuri cha kichwani asubuhi mapema na kutuuliza mbona duka linachelewa kufunguliwa.

"Mama, utakaa nasi basi?" wateja wakamuuliza.

"Mimi sijui. Muulizeni kuku."

Na kuku, kwa kweli, alikuwa anaendelea vizuri. Unyoya mpya ulikuwa umeanza kuchomoza. Tatizo likawa mama mwenyewe. Kila akipita uani anamkuta Mwenzangu nyuma ya wavu, na siku moja akasimama, mikono kiunoni.

"Huyu kifungo chake kinaisha lini? Mimi nilisema apate raha. Hii ni raha ya jela."

Nikamwambia Fundi asithubutu, bwana mifugo amesema mpaka wazoeane. Lakini Fundi na mama! Mama akimwambia jua limechomoza magharibi, atahamisha dirisha. Akautoa wavu. Na kwa kuwa Meneja alikuwa ameshaharibika tabia dukani, analishwa mkate na wateja, ananyofoa kamba za viatu, akaona heri amrudishe naye siku hiyohiyo. "Amebadilika, dada. Ametulia sana."

"Ametulia kwa sababu hana wa kumdonoa!"

Hakusikia. Kumbe pia, tangu Meneja aondoke, kuna kuku mwingine aliyekuwa ameshashika madaraka, mbaya kuliko yeye. Wakapigana hao wawili asubuhi nzima juu ya nani mkubwa, na waliposhindwa kuamua, wakakubaliana jambo moja tu: kumpiga Mwenzangu. Mgongo ukarudi ulivyokuwa, na shingo juu yake.

Mama aliuweka mfuko wake mlangoni pa chumba. "Jumamosi naondoka," akasema. Akasema polepole, hakugomba. Afadhali angegomba.

Fundi siku hiyo hakula. Alikaa kwenye kiti chake mwenyewe cha kunyolea, anazunguka, anazunguka, mpaka nikasikia kizunguzungu mimi. Ghafla akasimama.

"Dada! Bwana mifugo alisema wasione wekundu, siyo?"

"Alisema dawa ya zambarau."

"Zambarau inaonekana hata kutoka barabarani! Hii ni kazi ya kufunika. Nani katika mji huu anajua kufunika kuliko mimi?"

Tayari alikuwa ameshika lile boksi la rangi nyeusi ya nywele.

Ningemzuia. Mtu mwenye akili angemzuia. Mimi nilimshika kuku miguu. Tulimkalisha Mwenzangu kwenye kiti cha kuzunguka, tukamfunga shuka shingoni, Fundi akavaa glovu, akakoroga rangi kwenye bakuli, akaanza kumpaka unyoya mmoja mmoja kwa brashi, anakwepa kidonda kwa ustadi wa daktari. Amezama kazini kiasi kwamba alipofika kichwani akainama akamuuliza, kwa mazoea yake, "Hapa pembeni tupunguze?"

Kuku hakujibu. Mimi nilicheka mpaka nikamwachia mguu mmoja.

Alipomaliza, mbele yetu alikuwepo kuku mweusi tii, anang'aa, wala usingejua alikuwa na madoadoa maishani mwake. Mama akatoka chumbani akasimama. "Mmemfanya nini Mwenzangu?"

"Tumemrudishia ujana, mama," Fundi akasema, akamrudisha bandani kwa fahari.

Naapa, sijawahi kuona kitu kama kile. Kuku wale walikuwa wamemzoea kidogo, walikuwa wanamwonea kwa zamu, kwa ratiba. Sasa wakaona kitu kigeni kabisa kimeingia. Hata yule mpole, ambaye hajawahi kumdonoa hata mchwa, alimrukia. Tuliwaachanisha kwa ufagio. Fundi akampigia simu bwana mifugo, na kelele za simu nilizisikia kutoka upande wangu wa pazia.

"Rangi ya nini? Ya nywele? Wewe una wazimu? Kuku hutambuana kwa sura! Umewaingizia mgeni mpya kabisa! Na ukimgusisha hiyo rangi kwenye kidonda nitakuja hapo mwenyewe!"

Fundi akaiweka simu chini. Nikajua amepata adabu. Nikachungulia nimpe pole, nikakuta macho yanamng'aa.

"Dada. Umesikia? Kumbe tatizo ni ugeni."

"Ndiyo."

"Basi wote wawe wageni!"

Nilikuwa na pasi ya mkaa mkononi. Mungu ananijua, nilifikiria kuitumia.

Alibandika mlangoni kibao cha kufunga duka, lakini wateja walizunguka wakaja kujaa kwenye dirisha la nyuma, yule fundi bomba nyuma yao kwa usalama. Kuku mmoja baada ya mwingine wakapanda kitini: shuka, bakuli, brashi, kausha, shuka. Meneja alichukua muda mrefu kwa sababu alikuwa anaudonoa mkono wa kinyozi kila mara na kujitazama kwenye kioo. Rangi ilimwishia Fundi katikati, akatuma mtu akamletee nyingine, na muuzaji akauliza kuna harusi ya wazee wangapi. Mikono yetu ilikuwa myeusi hadi viwiko. Kitambaa cha sare tatu kiliharibika na sikusema neno, kwa sababu kila nilipoinua macho niliuona ule mfuko wa mama mlangoni.

Tulipowaachia uani, walisimama. Kuku weusi watupu, wanatazamana. Hakuna mkubwa, hakuna mdogo, hakuna mwenyeji. Mmoja akapiga hatua, wote wakaruka. Fundi akanishika bega, sauti imejaa. "Usawa, dada. Tazama usawa."

Usawa ulidumu muda wa kumeza mate. Halafu ikaanza vita ya kila mtu na kila mtu. Wateja dirishani wakawa wanashangilia bila kujua wanamshangilia nani. Mama alitazama mara moja akaingia ndani.

Ikafika Jumamosi. Asubuhi uani kulikuwa kimya, mambo yameshaamuliwa. Kuku mmoja mweusi alikuwa amesimama kwenye ubao wa juu kabisa wa banda, kifua mbele, wengine chini yake kwa mpangilio. Na mmoja alikuwa chini ya sinki, amekitia kichwa pembeni ukutani, hatikisiki.

Fundi akaniangalia. Mimi nikainama nikatazama miguu. Rangi ya nywele, mtakaokuja kufanya upumbavu huu, haishiki kwenye miguu ya kuku. Kuku wetu wote wana miguu ya njano. Mwenzangu ana miguu ya kijivu. Wa ubaoni alikuwa na miguu ya njano na kovu lake la siku zote kwenye kidole: Meneja, mzima wa afya. Wa chini ya sinki alikuwa na miguu ya kijivu. Tulikuwa tumezunguka kote huko tukarudi palepale, pamoja na aibu. Roho iliniuma. Fundi akakaa juu ya ndoo akaufunika uso kwa mikono yake myeusi.

Mama akatoka. Amevaa nguo ya safari, kitambaa kizuri kichwani, kikapu mkononi. Jumamosi duka hujaa, na watu wote walikuwa wameshasikia, basi dirisha la nyuma lilikuwa vichwa vitupu, vingine vimenyolewa nusu. Hakuna aliyetoa utani. Fundi bomba alikuwa amevua kofia.

"Nimekuja kumchukua kuku wangu," mama akasema.

Akaja mpaka kwenye sinki akasimama. Akainama, akamtazama yule wa chini. Alimtazama sana. Na mimi niwaambie, mama yetu macho yake ni mazima. Ndiye anayenitungia uzi kwenye sindano, tena bila miwani. Aliiona ile miguu kama nilivyoiona mimi.

Akainuka taratibu, mkono kwenye kiuno. Akampita yule kuku. Akaenda mpaka bandani, akanyoosha mikono juu, akamtwaa Meneja kwenye ubao, akamkumbatia.

"Mwenzangu," akasema. "Tazameni alivyonenepa. Tazameni alivyosimama mbele za watu."

Meneja akamdonoa mkono mpaka damu ikatoka.

"Mnaona?" mama akasema. "Ananifahamu."

"Mama," nikaanza, "lakini huyo si..."

Fundi akanikanyaga. Alinikanyaga mguu kwa uzito wake wote, kisigino, na hakuutoa. "Ndiye, mama," akasema. "Ndiye kabisa. Nani asiyemjua Mwenzangu?"

"Nilisemaje siku ile nilipokuja?"

"Ulisema akipata raha utakaa."

"Watu walisikia?"

"Tulisikia!" dirisha zima likaitikia, hata kijana mmoja ambaye alikuwa hajawahi kufika kwetu kabla ya asubuhi hiyo. "Tulisikia, mama!"

"Basi, mimi nifanyeje?" mama akasema, huku Meneja anamdonoa kwa mara ya pili na yeye anampapasa shingo. "Neno likishatoka limetoka. Mtanivumilia."

Fundi bomba akajifuta uso kwa kofia. Mimi nikaenda kuuondoa ule mfuko mlangoni upesi, kabla mtu hajabadili mawazo, na sikujali mguu wangu unavyouma. Niliporudi, mama alikuwa bado amesimama uani na kuku asiye wake, anatazama chini ya sinki.

"Na yule maskini," akauliza bila kumtazama mtu usoni, "ni wa nani?"

Fundi akapiga magoti kwenye saruji, akaingiza mikono chini ya sinki taratibu, akamtoa yule kuku, akamfunika na koti lake la kazi.

"Wetu, mama. Wa hapahapa."

"Basi mtunzeni," mama akasema, na machozi yakamtoka, akayaacha. "Msimharakishe. Kuzoea nyumba ya watu si kazi ndogo."

"Hapa si kwa watu, mama," Fundi akamwambia.